Rangi ya Ulimi

Benchi la kituo kile cha afya cha Majengo liliwekwa mahali pabaya. Liliegemezwa ukutani upande wa barabara, likitazamana na lango la parokia, na kila aliyetoka misa alilazimika kuona nani amekaa hapo. Akishaona, ataanza kujiuliza huyo amekuja kutafuta nini. Ndiyo maana siku Aurélie alipokwenda kupimwa, mumewe Baharanyi hakukaa naye. Alisimama ng'ambo ya barabara, karibu na mwanamke anayeuza vocha za simu, akijifanya anasubiri pikipiki.

Aurélie alikuwa mama wa watoto wanne, na wa mwisho alikuwa bado hajaanza kutembea. Tangu uzazi ule uliomtoa damu nyingi, hakurudi kuwa sawasawa. Akibeba bidoni la maji kutoka bombani alipumzika njiani kama bibi kizee. Tena alikuwa anakula udongo, ule mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande, anauficha ndani ya pindo la kitenge kama mtoto anayeficha sukari. Na sasa alikuwa na mimba nyingine.

Muuguzi aliitwa Sylvie, mwanamke wa Butembo asiyependa kuzungusha maneno. Alimvuta Aurélie kope la chini, akatazama, akamchoma kidole, akasubiri mashine iseme. Kisha akatoka mlangoni akamwita mume kwa sauti ambayo hata muuza vocha aliisikia. Baharanyi akavuka barabara akiwa ameinamisha kichwa.

"Papa, njoo uone mwenyewe," Sylvie alisema, akamvuta tena Aurélie kope. Ndani palikuwa peupe kama nyama ya samaki. "Damu iko saba na kidogo. Mama wa mimba, tunataka afike kumi na moja. Hii haimutoshi hata yeye mwenyewe, sasa atamugawia mutoto nini?"

Aliyejibu ni Aurélie, akitazama miguu yake.

"Ile ya mwisho ilitaka kuniua. Hii itanimaliza. Niko na wane ambao bado wananihitaji. Siitaki."

Sylvie hakushtuka wala hakumhubiria. Aliwaeleza kwamba afya ya mama ikiwa hatarini sheria inaruhusu, na daktari ataandika. Mimba ilikuwa changa bado, na vidonge vipo. Vidonge vyenyewe si sumu, wanawake wengi wamevitumia wakapona bila shida. Lakini vinatoa damu, na kutoka damu kwa mtu mwenye damu ya kutosha ni jambo la kuvumilia, kwa mtu mwenye saba ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo ameze kwanza dawa ya chuma kila siku kwa wiki mbili, kisha arudi apimwe. Damu ikipanda, watafanya hapohapo kituoni, mbele ya macho yake. Isipopanda, yeye Sylvie atakwenda nao hospitali, ambako damu iko ndani ya friji.

"Bila kupimwa, hapana," alisema. "Tumesikilizana, Papa?"

Baharanyi alisema ndiyo. Sylvie akaendelea, maana alijua watu wa mtaa ule. Akawaambia dalili za hatari, hata kama damu itaanza kutoka yenyewe nyumbani. Vitambaa viwili vikilowa kabisa ndani ya saa moja, na saa inayofuata vilevile, wasingoje. Akisikia kizunguzungu, masikio yakilia, wasingoje. Na waangalie rangi, ndani ya kope, kwenye midomo na kwenye ulimi. Pakiwa peupe, wasingoje.

Baharanyi alitikisa kichwa kama mwanafunzi. Lakini vitambaa ni mambo ya wanawake, na kope alikuwa ameona haya kulitazama. Katika maneno yote yale, lililobaki kichwani mwake lilikuwa ulimi.

*

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zote za mtaa ule. Waliishi na mama yake Baharanyi, Mama Louise, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Bukavu zamani, na mpaka leo alisema "kwetu" akimaanisha kule. Mama Louise alijulikana kwa kinywaji chake. Alichemsha betrave, ile mizizi myekundu, akaiponda, akaichanganya na nyanya ya kopo na sukari, akamaliza kwa soda nyekundu. Mwanamke akijifungua, Mama Louise anaitwa. Mtoto akiugua malaria akapona, Mama Louise anaitwa. Mwenyewe alikunywa kikombe kila asubuhi. Damu ni nyekundu, alisema, na hiki ni chekundu, sasa mnataka niwaeleze nini zaidi?

Yeye aliambiwa tu kwamba mkwewe ana upungufu wa damu. Habari ya mimba walimficha. Baharanyi alisema mama ni mtu wa kikundi cha sala, na akijua, hata asiposema kwa watu ataomba kwa sauti.

Dawa ya chuma ilimsumbua Aurélie. Ilimuuma tumbo na kumgeuzia choo kuwa cheusi. Mama Louise alipojua, alishika kichwa, akasema hizo dawa zinaunguza damu yake hata ile kidogo iliyobaki. Haikupita wiki Aurélie akaziacha, akazichimbia ndani ya kopo la unga wa muhogo. Baharanyi aliziona siku alipotafuta chumvi. Alifunga kopo akanyamaza, maana kinywaji cha mama kilikuwa kinafanya kazi. Kila jioni alimwambia mkewe, "Toa ulimi," na kila jioni ulimi ulikuwa mwekundu zaidi.

Wiki mbili zilipotimia, Aurélie alivaa kitenge kizuri asubuhi, akafunga kilemba.

"Leo ni siku ya Sylvie," alisema.

Baharanyi alikuwa anapiga kiatu brashi. Alifanya kazi ya ukarani katika ghala moja huko Himbi, na tangu benki za mji zifungwe kwa sababu ya vita, ghala lilikuwa linamwita siku moja moja. Siku zile ambazo hakuitwa alipiga viatu brashi vilevile. Akamwambia atoe ulimi. Aurélie akautoa, amesimama katikati ya nyumba na kilemba chake, mama mzima, kama mtoto anayekaguliwa shuleni.

"Unaona? Ni mwekundu kama pilipili. Damu imerudi."

"Twende tupimishe mbele, ndipo vidonge, Papa Miriam. Alisema bila kupimwa, hapana."

Miriam alikuwa binti yao mkubwa, na Baharanyi hakupenda kuitwa jina la baba kwa sauti ile ya kubembeleza. Akamkumbusha habari ya Cyprien. Cyprien alikuwa kiongozi wa kwaya, jirani yao pia, mtu mcheshi anayependwa na wote. Jumapili iliyotangulia, mbele ya wanaume wote wa kwaya, alimpiga Baharanyi begani, akasema, "Papa Miriam, nasikia bibi yako alikuwa ku benchi. Wa tano anakuja? Unataka kuanzisha ekipe ya mupira?" Watu wakacheka. Baharanyi naye akacheka, kisha usiku hakulala.

"Akirudi kukaa pale leo, na kisha mimba isionekane, watu watahesabu," alisema. "Watu wa parokia wanajua kuhesabu."

"Basi nikae ndani. Nitamwomba Sylvie nisingoje inje."

"Aurélie. Ulimi ni mwekundu."

Aurélie alifungua kilemba polepole, akakikunja, akakirudisha mahali pake. Tangu walipooana alikuwa hajamshinda mumewe kwa maneno hata mara moja, na siku ile hakuwa hata na pumzi ya kujaribu.

Mchana Baharanyi akaenda kwa Damascène, mwenye duka la dawa karibu na soko. Damascène hakuwa mtu mbaya. Aliuliza mama ana mimba ya muda gani, akaambiwa. Akauliza kama ana upungufu wa damu.

"Alikuwa nao," Baharanyi alisema. "Umekwisha."

Hakuwa anadanganya. Aliamini. Damascène akavifunga vidonge ndani ya kipande cha gazeti.

*

Walichagua Jumamosi, kwa sababu Mama Louise aliitwa Himbi kwa mwanamke aliyejifungua. Aliondoka mapema na chupa yake ya betrave ndani ya kikapu, akamwachia mkwewe kikombe kilichojaa mpaka juu. "Kunywa yote, mutoto yangu. Usiache kitu." Aurélie akanywa yote mbele yake. Watoto walipelekwa kwa jirani.

Akatumia vidonge kama alivyoelekezwa na Damascène. Maumivu yakaja, kisha damu ikaja. Baharanyi alikaa nje ya mlango wa chumba, kwenye kigoda, na redio ndogo ikiongea peke yake. Kila mara aliuliza kuna nini, na Aurélie alijibu kwamba inakuja. Mwanzoni alijibu kwa sauti ya kawaida. Hata alitania, akasema safari hii angalau hakuna mtu anayemwambia sukuma.

Baadaye sauti ikawa ndogo.

"Papa Miriam, vitambaa vimeisha."

Baharanyi alielewa kwamba vinatakiwa vitambaa vingine. Alichana shati lake la zamani, kisha shuka, akavipitisha mlangoni kwa mkono mmoja, uso ameugeuzia ukutani. Alijua kuna beseni mle ndani. Mwanaume hatazami ndani ya beseni la mwanamke. Hakuna aliyemfundisha hivyo kwa maneno, ila ndivyo alivyokua, na ndivyo baba yake alivyokua. Mkono uliopokea vitambaa ulikuwa baridi. Alidhani ni kwa sababu ameshika maji.

"Masikio yangu yanasikia ziwa," Aurélie alisema. Kutoka pale mpaka ziwani ni mbali, na hakuna anayesikia ziwa kutoka Majengo. "Njoo uangalie."

Aliingia huku amekaza macho kwenye uso wa mkewe, yasiteleze chini.

"Toa ulimi."

Aliutoa kwa shida. Ulikuwa mwekundu kama betrave.

"Uko muzuri," Baharanyi alisema, na kweli moyo wake ulitulia. "Vumilia. Inakaribia kuisha."

"Ndiyo, Papa," Aurélie alisema. Akamwomba maji, akanywa kidogo, akafumba macho.

Mama Louise alirudi mchana jua likiwa bado kali. Alimkuta mwanawe nje ya mlango, akamwuliza mkwe yuko wapi. Baharanyi alisema amelala, hali yake si nzuri sana. Mama Louise akaingia. Yeye hakutazama ulimi. Alitazama beseni, akaangalia vitambaa vilivyorundikana, kisha akapiga magoti akamfungua Aurélie kope kwa kidole gumba.

Alipotoka hakupiga kelele. "Tangu wakati gani?" aliuliza. Baharanyi akaanza kueleza habari ya mimba, habari ya vidonge, habari ya Damascène. Mama yake akamkata. "Sikukuuliza ile. Tafuta pikipiki."

Walimpakia juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mumewe, amefungwa na kitenge kwa mgongo wa dereva kama mtoto. Mama Louise alifuata kwa pikipiki nyingine. Barabara ile ni mawe matupu. Kila pikipiki iliporuka, kichwa cha Aurélie kilimpiga Baharanyi kidevuni, na kila mara alimwambia samahani.

*

Hospitali walikuwa na mfuko mmoja tu wa damu ya aina yake. Daktari aliutundika palepale na watu wake wakaanza kazi ya kuzuia damu isitoke. Lakini alisema mmoja hautoshi, na kwa mwingine familia ilete mtu wa kutoa. Baharanyi alikunja mkono wa shati kabla hajaambiwa. Walimpima, wakakuta damu yake haiendani na ya mkewe.

"Nitoe mimi," Mama Louise alisema.

Mtu wa maabara, kijana mmoja mpole aitwaye Jephté, alimwambia kwamba umri wake umepita.

"Umri ni nini? Mimi niko na damu mingi. Kila asubuhi nakunywa. Pima uone."

Jephté alijaribu kueleza tena, mama mzee akabaki amemnyoshea kidole, hakukirudisha. Mwisho Jephté akakichoma ili amtulize. Alitazama mashine, akarudia kidole kingine, akatazama tena.

"Mama, wewe mwenyewe unahitaji damu. Iko nane tu."

"Uongo," Mama Louise alisema. Akatoa ulimi nje, mrefu, mwekundu, mbele ya watu wote wa foleni. Akaurudisha. "Na hii ni nini?"

Jephté hakucheka. Alichukua pamba, akailowesha, akamwomba autoe tena. Akausugua kidogo. Pamba ikawa nyekundu. Pale ilipopita pamba, ulimi wa Mama Louise ulikuwa mweupe wa kijivu, kama jiwe lililosuguliwa.

"Ni rangi tu, mama," Jephté alisema taratibu. "Ni rangi ya chakula."

Baharanyi alikuwa amesimama hapo, mkono wa shati bado umekunjwa. Alitazama ile pamba. Alitoka nje, akaegemea ukuta, akampigia Cyprien simu. Cyprien aliuliza ni ugonjwa gani. Malaria, Baharanyi alijibu, imemaliza damu. Cyprien hakuuliza la pili. Alikuja na waimbaji wawili, bado wamevaa nguo za kazi, na mmoja wao damu yake ilifaa. Walimlaza, wakamtoa damu, akatoka akiwa amebana pamba kwenye kiwiko na kutania kwamba sasa Mama Miriam ataimba besi.

Mfuko ulipofika wodini, Aurélie alikuwa ameshakwenda. Mama Louise alikuwa ameshika miguu yake, anaisugua ipate joto. Aliendelea kuisugua baada ya daktari kusema.

Sylvie alipata habari, akaja. Alisimama na Baharanyi kwenye ukumbi. Mtu mwingine angempigia kelele. Yeye alishusha sauti.

"Si vidonge, Papa. Nilisema nimupime mbele, ndipo ameze."

"Ulimi ulikuwa mwekundu," Baharanyi alisema.

Sylvie hakuelewa, na yeye hakuwa na nguvu ya kumweleza.

*

Kwenye kilio walisema malaria. Cyprien alisimama mbele ya watu akasema malaria ni adui wa familia zetu, na kwaya ikaimba vizuri. Wanawake wa mtaa walileta makaa, unga na maharage. Mmoja alileta betrave, fungu zima, kwa ajili ya watoto waliopoteza mama. Mama Louise alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Jioni alizitupa chooni, moja moja, akisikiliza kila moja inavyoanguka.

Mama Louise hakumsemesha mwanawe mpaka kilio kilipoisha. Siku watu walipokunja mikeka wakaondoka, alimwita, akamwambia maneno machache.

"Mulinificha. Kama ningejua ni mimba, ningemuvuta kope kila siku. Ulimi niliupaka mimi mwenyewe."

"Mama, wewe hukujua."

"Wewe je? Beseni ulilijua?"

Baharanyi akalia. Mama yake alimtazama akilia, hakumgusa.

Asubuhi iliyofuata Baharanyi aliamka, hakumkuta mama wala Miriam. Jirani akamwambia amewaona wakishuka kuelekea parokia. Alidhani wamekwenda misa. Alipofika, misa ilikuwa inatoka, na alipotazama ng'ambo aliwaona. Mama Louise alikuwa amekaa katikati ya lile benchi, na kitenge cha msiba, na mjukuu wake pembeni. Miriam alikuwa na miaka kumi na mitatu, ameanza kuona siku zake, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Baharanyi alishangaa kwamba hakuwahi kuiona.

Mwanamke mmoja wa kikundi cha sala alisimama kumsalimu mama mzee. Akamwuliza kwa huruma anaugua nini.

"Damu yangu ni kidogo," Mama Louise alisema. Hakushusha sauti. "Nimeleta na huyu wapime yake. Ya mama yake ilikuwa kidogo vilevile. Alitoa mimba nyumbani bila kupimwa, juu ya haya tuliyoona kukaa ku hii benchi."

Yule mwanamke alibaki na mkono hewani. Wengine waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. Mmoja alifanya ishara ya msalaba, mwingine akashusha macho, na mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni akasimama kabisa, akasikiliza.

Baharanyi alikuwa amefika mahali pake pa zamani, kwa muuza vocha. Alivuka haraka.

"Mama, turudi nyumbani. Watu wanaona."

"Waone." Akamsukuma Miriam kidogo asogee. "Kaa."

Langoni, Cyprien alikuwa anatoka na vitabu vya kwaya chini ya kwapa. Aliwaona, akainua mkono kusalimu, kisha akaona ni benchi gani, mkono ukashuka. Baharanyi alihisi miguu yake inataka barabara. Akatazama midomo ya binti yake. Mlangoni Sylvie aliita, nani wa kwanza.

Baharanyi akakaa.